Walinzi wa Kicheko

Leo nimekuletea habari za watu wanaokusanya chapa za kwanza za riwaya za fantasia zenye kuchekesha. Nazungumzia zile hadithi za mchawi asiyejua uchawi, za joka linalosumbuliwa na tumbo, za sanduku lenye miguu linalomfuata mwenyewe kila aendako. Kuna watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanaozitafuta nakala za mwanzo za hadithi hizo kwa miaka na miaka, na wakizipata wanazitunza kama hati ya shamba.

Wapo wanaouliza: kitabu si maneno yaliyomo? Ukikinunua leo dukani, kipya, kwa bei ya kawaida, maneno si yatakuwa yale yale? Ya nini kuhangaikia nakala ya miaka 40 iliyopita, mgongo umepauka, kurasa zimegeuka manjano, tena kwa fedha nyingi? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili.

Nitasema mapema ninachoamini, ili tusitafutane njiani. Naamini kwamba vitabu vya kuchekesha ndivyo vinavyohitaji zaidi watu wa kuvikusanya. Kitabu cha sheria au cha historia hutunzwa na maktaba, kikawekewa namba na kabati. Kitabu cha kuchekesha husomwa kitandani, huazimwa na jirani, hutiwa mfukoni safarini, mwisho hupasuka kikatupwa. Wakubwa wa fasihi hukiona ni cha kupitishia muda tu. Kwa hiyo asipotokea msomaji mmoja akasema hiki nakiweka, hakuna mwingine atakayekiweka.

Twende kwenye mfano wenyewe. Mfano ni Mwingereza Terry Pratchett, mwandishi wa mfululizo wa Discworld, riwaya 41 kuhusu ulimwengu ulio bapa kama sinia, uliobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya gamba la kobe mkubwa anayeogelea angani. Pratchett alizaliwa Beaconsfield mwaka 1948. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 17, aliacha shule akaajiriwa na gazeti la kwao, Bucks Free Press. Mwaka 1968 alitumwa kumhoji Peter Bander, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ndogo ya uchapishaji ya Colin Smythe. Katika mazungumzo yao kijana akadokeza kwamba na yeye ameandika riwaya. Smythe akaisoma, akaipenda.

Riwaya hiyo, The Carpet People, ilitoka mwaka 1971. Inasimulia watu wadogo mno wanaoishi ndani ya nyuzi za zulia, na zulia kwao ndilo dunia nzima. Uzinduzi wake ulifanyika London, katika idara ya mazulia ya duka la fanicha la Heal's. Michoro ya ndani alichora Pratchett mwenyewe, na katika nakala chache sana alikaa akaipaka rangi kwa mkono wake. Nakala hizo ndizo ndoto ya kila mkusanyaji wa fani hii, na mtu anaweza kutafuta maisha yake yote asiione hata moja.

Sasa sikiliza jambo hili, maana linajibu lile swali la maneno ni yale yale. Mwaka 1992, Pratchett akiwa ameshakuwa maarufu, wachapishaji walitaka kuitoa tena The Carpet People. Akaisoma upya na kuona kwamba mawazo yake yamebadilika. Kijana aliyeiandika aliamini fantasia ni habari za vita na wafalme. Mtu mzima aliona kazi ya fantasia ni kuonyesha jinsi ya kuepuka vita na kuishi bila wafalme. Basi akaiandika upya. Kitabu unachokipata dukani leo chini ya jina hilo ni hicho cha pili. Anayetaka kumsikia yule kijana kama alivyokuwa, kabla mkubwa wake hajamsahihisha, inambidi aishike chapa ya 1971. Hapo mkusanyaji ametunza sauti ambayo mwandishi mwenyewe aliiacha nyuma.

Baada ya The Carpet People, Pratchett aliandika riwaya mbili za sayansi ya kubuni, moja ya 1976 na nyingine ya 1981. Kufikia hapo alikuwa afisa habari wa bodi ya umeme ya Uingereza, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwajibu waandishi wa habari kuhusu vituo vya nyuklia. Mchana alikuwa ofisini, usiku anaandika. Mwezi Novemba 1983 Colin Smythe akatoa The Colour of Magic, riwaya ya kwanza ya Discworld. Nakala za soko la Uingereza zilikuwa 506.

Nairudia hesabu hiyo, msikilizaji: mia tano na sita. Huo ndio mwanzo wa mfululizo ambao baadaye uliuza makumi ya mamilioni ya nakala na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 30. Hakuna aliyeshindwa kuona mbali. Mchapishaji mdogo alipima mfuko wake, akapima umaarufu wa mwandishi ambao bado ulikuwa mdogo, akatoa kadiri alivyoweza. Na katika miaka ile, riwaya za jalada gumu nchini Uingereza zilinunuliwa sana na maktaba za umma. Kitabu cha maktaba hupigwa mihuri, hubandikwa kifuko cha kadi, hupita mikononi mwa watu wengi, na kikichakaa huondolewa. Ndiyo maana nakala safi ya The Colour of Magic ya 1983, yenye karatasi yake ya juu iliyochorwa na Alan Smith, kobe na tembo wake wakiwa wazi kabisa, huuzwa leo kwa maelfu ya pauni.

Lakini kitabu kilitokaje kwenye nakala 506 hadi kikajulikana nchi nzima? Hapa redio ina fahari yake. Mwaka 1984 kipindi cha Woman's Hour cha BBC Radio 4 kiliisoma The Colour of Magic hewani kwa sehemu sita. Watu walikuwa jikoni, wengine wanapiga pasi, wakamsikia Rincewind, mchawi mwoga kuliko wote, akikimbia hatari moja na kutumbukia katika nyingine. Mwaka uliofuata, 1985, kampuni ya Corgi ikatoa chapa ya jalada laini, ya bei nafuu, na jalada lake likachorwa na Josh Kirby.

Lichunguze kwa karibu jalada hilo la Kirby ukibahatika kuliona. Limejaa kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine: misuli, mapanga, moshi, nyuso zilizokunjamana, miguu midogo ya lile sanduku ikikimbia. Yumo mtalii Twoflower, na mtalii huyo ana macho manne. Katika hadithi Twoflower amevaa miwani tu. Wenyeji ambao hawajawahi kuiona miwani ndio wanaomwita mwenye macho manne. Kirby akamchorea macho manne kweli. Wasomaji walilipenda jalada hilo hivyo hivyo, na Kirby aliendelea kuuchorea mfululizo huo hadi alipofariki mwaka 2001. Kazi hiyo ikapokewa na Paul Kidby, ambaye mkono wake ni mtulivu zaidi na watu wake wanafanana zaidi na wale wa kwenye maandishi. Anayepanga chapa za kwanza kwa mfuatano katika rafu anaona mbele ya macho yake mchoraji mmoja akimwachia mwingine. Chapa za baadaye huvishwa majalada mapya kila mara, na historia hiyo haionekani tena.

Colin Smythe naye alifanya jambo ambalo nalistahi sana. Alipoona mwandishi wake anakua kuliko uwezo wa kampuni ndogo, hakumng'ang'ania. Baada ya The Light Fantastic ya 1986, riwaya ya tatu, Equal Rites, ilitoka mwaka 1987 kwa mchapishaji mkubwa, Victor Gollancz, na Smythe akawa wakala wa Pratchett hadi mwandishi huyo alipofariki mwaka 2015. Ukiwa na The Light Fantastic na Equal Rites pamoja, tazama chini ya mgongo wa kila kimoja: jina la mchapishaji limebadilika. Katika badiliko hilo dogo kuna uungwana wa mtu aliyetanguliza maslahi ya mwenzake.

Hivi ndivyo chapa ya kwanza inavyosema. Ina karatasi, jina la mchapishaji, bei, mchoro, na mara nyingine makosa ya chapa. Yote hayo ni ushahidi wa siku kitabu kilipotoka bila kujua kama kitapokewa.

Sio Pratchett peke yake. Mwaka 1973 Mmarekani William Goldman alitoa The Princess Bride, hadithi ya mapenzi, mapanga na kisasi, yenye vichekesho kila mahali. Goldman alijifanya kwamba kitabu si chake, kwamba yeye amekifupisha tu kutoka kwa mwandishi wa zamani aitwaye Morgenstern, mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Kila anapoikatiza hadithi ili aeleze alichokiondoa, maelezo hayo katika chapa ya kwanza yamepigwa kwa wino mwekundu, na hadithi yenyewe kwa wino mweusi. Fungua ukurasa wowote, macho yanajua papo hapo nani anasema. Mahali pengine Goldman anamwambia msomaji kwamba ipo sehemu aliyozuiwa kuichapa, na kama anaitaka amwandikie mchapishaji. Watu waliandika kweli, wakajibiwa kwa barua ya kuchekesha inayoeleza kwa nini haiwezi kutumwa. Chapa nyingi zilizofuata ziliacha wino mwekundu, maana una gharama. Kichekesho kile kilijengwa ndani ya rangi, na aliyenacho kama mwandishi alivyokikusudia ni mwenye chapa ya 1973.

Vitabu vingine vilizaliwa kimaskini kabisa. A Spell for Chameleon ya Piers Anthony, ya 1977, ilianza kama kitabu cha jalada laini. Another Fine Myth ya Robert Asprin ya 1978 pia. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams, ambayo ni ndugu wa karibu wa riwaya hizi ingawa safari zake ni za angani, ilianza kama mchezo wa redio wa BBC mwezi Machi 1978, kisha mwaka 1979 kampuni ya Pan ikaitoa kwa jalada laini la bei ndogo. Kwa hiyo usidhani chapa ya kwanza lazima iwe na jalada gumu na maandishi ya dhahabu. Inaweza kuwa kijitabu chepesi kilichouzwa stesheni ya treni, na kwa kuwa kilikuwa chepesi, vilivyobaki vizima ni vichache.

Labda sasa kuna msikilizaji anayetaka kuanza. Basi nikupe njia.

Kwanza, jifunze kusoma ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Wakusanyaji hutenganisha toleo na chapa. Toleo ni kitabu kama kilivyopangwa. Chapa ni kila mara mashine ilipowashwa kutoa nakala zaidi. Wanachokitafuta ni chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Katika vitabu vya Uingereza vya miaka ya 1980 utaona sentensi inayotaja mwaka na mchapishaji wa kwanza. Chini yake pasipo na habari ya kuchapwa tena, ni dalili njema. Kukiwa na orodha ya miaka mingine, hiyo ni chapa ya baadaye. Vitabu vingi vya karibuni vina mstari wa namba, moja hadi kumi. Kila chapa mpya namba ndogo kabisa huondolewa. Ukiiona moja ipo, mara nyingi umepata chapa ya kwanza. Nasema mara nyingi, kwa sababu kila kampuni ina desturi yake, na mkusanyaji mzuri husoma desturi za kampuni kabla ya kutoa fedha.

Pili, linda karatasi ya juu. Jalada gumu huvishwa karatasi yenye picha, na karatasi hiyo ndiyo inayochanika mapema. Nakala iliyoipoteza hupungukiwa sehemu kubwa ya thamani yake. Tazama pia pembe ya ndani ya karatasi hiyo, panapoandikwa bei. Waingereza wengi walipotoa kitabu zawadi walikata pembe kwa mkasi ili bei isionekane, na pembe iliyokatwa hushusha thamani. Tahadhari pia na matoleo ya vilabu vya vitabu: yanafanana sana na ya dukani, lakini kwa kawaida hayana bei, na karatasi yake ni nyepesi.

Tatu, usiogope kwamba mlango umefungwa kwa wasio na fedha. Umaarufu hufanya kazi kinyume na watu wanavyodhani. Kadiri Pratchett alivyojulikana, ndivyo wachapishaji walivyochapa nakala nyingi za mwanzo. Chapa za kwanza za riwaya zake za miaka ya 2000 zipo tele, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzipata kwa bei isiyopita ya kitabu kipya. Sahihi yake nayo si adimu. Pratchett alikuwa akikaa saa nyingi madukani kuwatilia sahihi wasomaji waliopanga foleni, hata kukawa na utani kwamba nakala adimu ni ile asiyoitia sahihi.

Nne, vikinge vitabu dhidi ya jua, unyevu na wadudu. Jua hufuta rangi ya mgongo wa kitabu, na nyekundu ndiyo hutangulia. Kwa wasikilizaji wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, sina haja ya kueleza hewa ya bahari na mende wanavyofanya. Kabati lisiegemee ukuta wa nje, vitabu visibanwe mno, na kila baada ya muda vifunguliwe vipate hewa.

Na jambo la tano ndilo kubwa kuliko yote: kusanya ulichokisoma kikakuchekesha. Wapo wanaonunua vitabu hivi kwa kuwinda bei tu, wakavifungia visiguswe, wakisubiri bei ipande. Fedha ni zao, lakini mwenye kununua bila kusoma hawezi kujua anachokilinda. Hataona kwamba Kifo, yule mhusika wa Pratchett, husema kwa herufi kubwa bila alama za kunukuu, na kwamba mpangaji wa chapa alilazimika kuliheshimu hilo katika kila ukurasa.

Kwamba wasomaji ndio walinzi wenyewe, ushahidi upo. Pratchett aliusia kazi zake ambazo hazijakamilika ziharibiwe. Tarehe 25 Agosti 2017, diski ya kompyuta yake iliwekwa chini kwenye maonyesho ya mitambo ya mvuke huko Dorset, na mtambo wa kale wa kushindilia barabara ukapita juu yake. Wosia uliheshimiwa, na hivyo ndivyo ilivyopasa. Watu wakaamini hakuna jipya litakalotoka tena. Kumbe katika miaka ya 1970 na 1980 Pratchett aliandika hadithi fupi za kuchekesha katika gazeti la Western Daily Press kwa jina la Patrick Kearns. Hadithi hizo alizichapisha mwenyewe, hazikuwa katika zile alizotaka zipotee. Zilikuwa zimesahauliwa tu. Msomaji mmoja alikuwa ameikata hadithi moja gazetini zamani hizo na kuihifadhi. Wapenzi wengine wakaingia katika hifadhi ya magazeti ya Maktaba ya Uingereza, wakapekua ukurasa kwa ukurasa hadi nyingine zikapatikana. Mwaka 2023 zikatoka kwa kitabu, A Stroke of the Pen. Kilichoziokoa ni mtu mmoja kuipenda hadithi kiasi cha kuchukua mkasi.

Na sisi tunaosoma Kiswahili tuna la kujiuliza. Shaaban Robert alitupa Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951 kwa wachapishaji Nelson, kuhusu nchi iliyo angani, yenye wajumbe, baraza na dhuluma iliyovikwa joho la haki. Kimechapwa tena mara nyingi na vizazi vimekisoma shuleni. Ni jambo jema kwamba kinapatikana. Lakini nyumba ngapi zinajua kwamba nakala ya babu iliyoko sandukuni, yenye jina lake kwa kalamu ya wino, huenda ni ya miaka ile ya mwanzo? Leo kabla ya kulala, fungua ukurasa wa hakimiliki wa vitabu vyako vya zamani. Soma mwaka, soma mchapishaji, soma kama kimechapwa mara ya ngapi. Kikiwa cha mwanzo, kiandikie kikaratasi kando: kilikuwa cha nani, alikinunua wapi, lini. Kikaratasi hicho usikibandike kwa gundi. Kiweke ndani tu. Kisha waambie watoto wako, ili siku ya kuhama nyumba kisiuzwe kwa kilo pamoja na magazeti.

Watu wenye busara wameshughulika karne nyingi kuhifadhi hotuba za wafalme na hesabu za vita. Nawaunga mkono. Lakini kizazi kijacho kitataka pia kujua sisi tulicheka nini, na tulicheka kwa sababu gani, na jibu hilo halitapatikana kwenye hotuba. Litapatikana kwenye rafu ya mtu aliyekipenda kitabu cha kuchekesha kiasi cha kukikataza kupotea. Ningependa mtu huyo awe wewe.